Dawa ilirudiwa, na mkubwa wangu anataka karatasi iandikwe upya: nifanyeje?

Swali: "Mimi ni muuguzi msimamizi wa wadi ya watoto katika hospitali ya kaunti ndogo huku Magharibi mwa Kenya. Siku nne zilizopita mtoto wa miaka miwili aliyelazwa kwa nimonia kali alidungwa antibiotiki ya jentamisini mara mbili jioni moja. Muuguzi wa mchana alimpa dawa muda mfupi kabla ya kukabidhi zamu, lakini kabla hajatia sahihi akaletewa mtoto mwenye degedege, akamkimbilia, na karatasi ya dawa ikabaki wazi. Wa usiku alikuta pengo, akampigia mwenzake simu isipatikane, akatoa dawa. Mama wa mtoto alimwuliza, 'Sista, si ameshadungwa?' naye akadhani mama anazungumzia penisilini. Asubuhi, mambo yalipojulikana, alinieleza yote akilia. Alikuwa peke yake na wagonjwa 41, kwa kuwa mwenzake aliugua nami sikupata wa kuziba nafasi. Ni kijana, na mkataba wake unakwisha mwaka huu. Nilimwambia daktari, akaagiza figo zipimwe. Mtoto anaonekana hana neno. Mkubwa wangu anataka jambo hili liishie kwetu na karatasi ya dawa iandikwe upya ionyeshe dozi moja. Mama angali wadini na anauliza kwa nini mtoto anatolewa damu tena. Nikisema ukweli namharibia huyu msichana maisha, nikinyamaza silali. Nifanye nini?"

Jibu: Naanza na mtoto, kwa sababu barua yako inamgusa kwa maneno machache tu, nayo ni maneno ya kujituliza. Huenda ni kweli kwamba hana neno, ila jentamisini haina desturi ya kuonyesha madhara yake siku ile ile. Dawa hii hutolewa mwilini na figo, na ikizidi hujikusanya katika seli za figo zenyewe na katika sikio la ndani. Ndiyo maana mwongozo wa tiba ya watoto unaotumika nchini Kenya huitoa kwa kiasi cha miligramu 7.5 kwa kila kilo ya uzito, mara moja tu kwa saa 24, ili figo zipate nafasi ya kuisafisha kabla ya dozi inayofuata. Dozi moja iliyorudiwa, kwa mtoto mwenye figo nzima na ambaye hajapungukiwa na maji, mara nyingi hupita bila kuacha athari. Hata hivyo kreatinini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, huweza kuanza kupanda baada ya siku kadhaa, na ingawa figo zilizoumizwa na dawa hii kwa kawaida hupona, usikivu ukipotea kwa kawaida haurudi. Kwa hiyo kipimo kimoja kilichotoka vizuri siku ya pili kisikutoshe. Mwulize daktari kama dozi zilizofuata zilipangwa upya, kipimo cha figo kitarudiwa lini, na kama kiasi cha mkojo kinaandikwa. Mkumbushe pia ikiwa mtoto anaharisha au anapewa frusemide, dawa ya kuongeza mkojo, kwani hali hizo huongeza hatari.

Nimeanza hapo kwa sababu nyingine pia. Mtoto akiruhusiwa kwenda nyumbani kesho kutwa, atakayeona kwamba nepi imekaa kavu tangu asubuhi, au kwamba mtoto haitiki akiitwa kutoka nyuma, ni yule yule mama mnayejiuliza kama aelezwe. Asipoelezwa, hatajua anachopaswa kukiangalia. Kumweleza mama ni sehemu ya matibabu ya mtoto, na hilo tayari linapunguza uzito wa swali ulilonalo.

Nikikusoma vizuri, umejiwekea mizani yenye pande mbili: upande mmoja huruma kwa muuguzi kijana, upande wa pili ukweli kwa mama, kana kwamba lazima mmoja aumie ili mwingine apone. Nadhani mizani hiyo imepangwa vibaya. Umefunga pamoja mambo matatu yenye majibu tofauti, yaani karatasi, mama na muuguzi, na kuna la nne ambalo umelitaja kwa haraka na kulipita. Nitalifikia.

Karatasi isiandikwe upya. Katika hayo mengine kuna la kupima na kupimua, katika hili hakuna. Karatasi ya dawa si mali ya wadi wala ya mkubwa wako. Ni kumbukumbu ya matibabu ya mtoto, na daktari atakayempokea mtoto huyu Kakamega au Kisumu akipatwa na tatizo la figo mwezi ujao ataisoma kama jambo la kuaminika. Kisha fikiria ni nani atakayeshika kalamu. Ikiwa ni yule muuguzi kijana, basi kosa lililofanywa na mtu aliyelemewa katikati ya usiku wenye kazi nyingi litakuwa limegeuzwa udanganyifu wa makusudi, na hapo ndipo maisha yake yataharibika kwelikweli, kwa maana kughushi hati ni kosa la jinai, na Baraza la Wauguzi la Kenya, ambalo limepewa mamlaka ya kuwaadhibu wauguzi chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, linaweza kulitazama kosa la bahati mbaya kwa jicho moja na hati ya uongo kwa jicho jingine. Isitoshe, uongo wenyewe hautashika. Ombi la kupima figo liko maabara likiwa na tarehe na sababu, daktari ameandika maelezo yake, kitabu cha ripoti ya usiku kipo, na mama aliona kwa macho yake mtoto akidungwa mara mbili.

Njia ya halali ya kusahihisha ni rahisi. Muuguzi wa mchana aandike sasa, kwa tarehe na saa ya leo anayoandikia, kwamba dawa aliitoa siku fulani saa fulani na hakutia sahihi wakati huo, kisha aweke jina na sahihi yake. Wa usiku naye aache maandishi yake yalivyo. Hakuna kufuta, hakuna wino mweupe, hakuna kuchana ukurasa. Palipo na kosa la kuandika hupigwa mstari mmoja unaoacha maneno ya chini yasomeke.

Sasa mama. Wauguzi wengi, na wakubwa wao zaidi, wanaamini kwamba kumweleza mzazi kosa ni kumkabidhi barua ya kwenda mahakamani. Siwezi kukuahidi kwamba hatalalamika. Sheria ya Afya ya 2017 inampa haki ya kulalamikia namna alivyohudumiwa, na sheria hiyo hiyo inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa au mlezi wake hali ya afya ilivyo. Lakini ninavyowafahamu watu wetu, kosa lenyewe husameheka kuliko kugundua baadaye kwamba watu waliovaa sare walikutazama usoni wakakuficha. Katika kisa chenu mama amekwisha kujua nusu ya habari. Aliuliza swali sahihi jioni ile, akaeleweka vibaya, na sasa anaona damu ikitolewa bila sababu anayoielewa. Kila siku mnayonyamaza anaijaza ile nusu ya pili mwenyewe, na nina hakika anaijaza kwa jambo baya kuliko lililotokea.

Mzungumzie na daktari wenu, wewe na yeye pamoja, msimwachie yule kijana abebe mazungumzo hayo peke yake. Msifanye hivyo kando ya kitanda, hasa ikiwa huko kwenu, kama ilivyo katika wadi nyingi za watoto msimu wa malaria unaofuata mvua za masika, mama wawili wanagawana kitanda kimoja. Tafuteni chumba, hata kama ni kile cha kuwekea shuka. Ikiwa Kiswahili si lugha anayoitumia kwa raha, tafuteni muuguzi anayesema Kijaluo, Kiluhya au Kiteso, asiwe mlinzi wala mtu wa usafi aliyeitwa kutafsiri akipita. Maneno yenyewe yawe machache na ya wazi: "Mama, jioni ile uliuliza kama mtoto ameshadungwa. Ulikuwa umesema kweli. Alikuwa ameshapewa, nasi tukampa tena. Ni kosa letu na tunakuomba radhi. Dawa hii ikizidi inaweza kuathiri figo na masikio, ndiyo sababu tunapima damu. Kipimo cha kwanza kimetoka hivi, na tutarudia siku fulani." Kisha nyamaza umwache aulize, alie au akasirike. Usijitetee kwa uhaba wa wauguzi dakika hiyo; ni kweli, ila kwa sikio la mzazi litasikika kama kisingizio. Akitaka kujua ni nani, humfichi mtu aliyemwona kwa sura, lakini mwambie kwamba tukio linachunguzwa na hospitali nzima inawajibika.

Kuna jambo ambalo husahaulika katika mazungumzo ya namna hii, nalo ni bili. Vipimo vya figo na siku za ziada zinazotokana na dozi ile ya pili havipaswi kuangukia mfuko wa mama huyu, na iwapo bima ya afya ya serikali, SHA, haitavigharimia vyote, msimamizi wa hospitali aombwe kwa maandishi avifute kabla mama hajafika kwenye dirisha la malipo. Kumwomba mtu radhi wadini kisha kumlipisha gharama za kosa lenu ni kumtukana.

Kuhusu muuguzi, naomba tuangalie kwa utulivu alichofanya. Mwanasaikolojia Mwingereza James Reason, katika makala iliyochapishwa na jarida la kitabibu la Uingereza mwaka 2000, alieleza njia mbili za kutazama makosa: ya kwanza humtafuta mtu aliyekosea ikamwaibisha na kumwadhibu, ya pili huuliza ni vizuizi gani vilivyopaswa kulizuia kosa na kwa nini vyote vilipenyeka kwa wakati mmoja. Tumia njia ya pili hapa. Sote tumefundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Kanuni hiyo inafaa sana mbele ya wakili, lakini kando ya kitanda ina mtego, kwa sababu pengo katika karatasi lina maana mbili: dawa haikutolewa, au ilitolewa na mtoaji akaitwa mahali pengine. Yule kijana alifuata alichofundishwa, tena alijaribu kupiga simu. Mwenzake wa mchana naye aliacha kalamu ili akamwokoe mtoto aliyekuwa akitetemeka kwa degedege, na sioni ni nani kati yetu ambaye angetia sahihi kwanza.

Jiulize swali hili: muuguzi mwingine mwenye ujuzi kama wake, akiwekwa mahali pale saa ile, akiwa na wagonjwa 41, angeweza kufanya vivyo hivyo? Ikiwa jibu ni ndiyo, kumwadhibu yeye hakutamlinda mtoto yeyote atakayelazwa kitanda kile mwezi ujao. Hata hivyo haki kwa muuguzi haimaanishi kwamba hakuna la kumweleza. Kulikuwa na wakati mmoja ambapo angeweza kusimama, nao ni pale mama alipouliza. Mama yule alikuwa kizuizi cha mwisho, na kilifanya kazi yake. Ni sisi tusiokuwa na mazoea ya kulichukua neno la mama kuwa taarifa ya kitabibu. Keti na muuguzi wako mlizungumze hilo bila ukali. Mweleze pia kwamba dawa inayotolewa mara moja kwa siku, ikichelewa saa moja au mbili wakati mnathibitisha, kwa kawaida haina hatari inayofanana na kuirudia. Ningependa liwe agizo la wadi yako: pengo lililokutwa wakati wa kubadilishana zamu katika dawa ya mara moja kwa siku halizibwi mpaka aliyetoka apatikane, au mama aulizwe na jibu lake liandikwe, au daktari wa zamu aamue.

Kuripoti tukio si kumfungulia mtu mashtaka. Najua ukisoma sentensi hiyo unatabasamu kwa uchungu, kwani ziko hospitali ambako fomu ya tukio ikifika ofisini hurudi ikiwa barua ya kujieleza. Sikukatalii. Ndiyo maana namna utakavyoiandika ina uzito mkubwa. Anza na hali ya wadi usiku ule: idadi ya wagonjwa, idadi ya wauguzi, nani aliugua na saa ngapi ulijulishwa, wangapi walikuwa wanaongezwa damu au wako kwenye oksijeni. Kisha eleza mfuatano wa mambo kwa saa zake. Kisha andika wazi kwamba muuguzi alijitokeza mwenyewe bila kushurutishwa. Likifika la nidhamu, ajue kwamba Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, haimruhusu mwajiri kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbaya kabla ya kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Lakini nisikudanganye: mkataba unaokwisha tarehe yake ni jambo jingine, na kinga ya sheria dhidi ya kutohuishwa ni hafifu. Hatari hiyo ipo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kunyamaza hakuiondoi. Kunampa mkubwa wenu siri ya kumshikia, na karatasi iliyoghushiwa ingemfanya mateka wa kila anayeijua.

Sasa lile la nne. Umeandika: "nami sikupata wa kuziba nafasi." Ni wewe uliyepanga ratiba ya zamu. Sisemi hivyo kukulaumu, kwani tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013 uajiri wa wauguzi uko mikononi mwa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, na msimamizi wa wadi hugawa tu upungufu alioukuta. Nalisema kwa sababu linabadilisha nafasi yako katika shauri hili. Ukimya unaoufikiria kuwa huruma kwa kijana unakulinda na wewe pia, na unamlinda mkubwa wako zaidi yenu nyote, kwa kuwa swali la kwanza la mchunguzi yeyote mwaminifu litakuwa ni nani aliyekubali muuguzi mmoja awe na watoto 41. Kwa hiyo usiwe wewe unayechunguza tukio hili. Toa maelezo yako kama shahidi, na uombe kamati ya ubora ya hospitali imteue msimamizi wa wadi nyingine aongoze. Hapo hata uamuzi ukimwelemea mtu, hakuna atakayesema uliupindisha.

Uhaba nao una ushahidi wake. Linda Aiken na wenzake, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 kuhusu hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, waliona kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Ile ni nchi nyingine na wagonjwa wa aina nyingine, na wauguzi waliokuwa na mzigo mzito kuliko wote katika utafiti ule wangeuona usiku wenu kama ndoto mbaya. Sababu zake, lakini, hazitofautiani na za kwenu: macho ni yale yale mawili, na anayeketi kando ya mtoto anayeongezwa damu ili kumtazama dakika 15 za kwanza hawezi wakati huo huo kusoma karatasi nyingine kwa makini. Kulalamika kwa mdomo kwenye korido hakuachi alama. Usiku wowote unaolazimika kumwacha mtu peke yake, andika ujumbe wenye tarehe kwa afisa muuguzi mkuu, taja idadi ya wagonjwa na ya wauguzi, uliza ni huduma gani zisimamishwe usiku huo, na uweke nakala.

Kumkatalia mkubwa ni kazi ngumu katika utaratibu wetu ambao cheo na umri huenda pamoja. Usimkatalie mbele ya watu wala kwenye simu. Nenda ofisini kwake, mwite kwa heshima unayomwitia siku zote, umwambie: "Mama, nimelifikiria agizo lako na sitaweza kuandika upya karatasi ile, wala sitamwambia mtu mwingine aiandike. Nimekuja nikujulishe kwanza kwamba nitajaza fomu ya tukio, na ninaomba tuandamane kwa mzazi." Unampa nafasi ya kugeuka bila kuaibika, na wengi hugeuka wakiona kwamba hawataachwa peke yao. Asipogeuka, ripoti kwa msimamizi mkuu wa hospitali na kamati ya ubora. Barua isiyo na jina kwa kaunti siipendekezi: katika hospitali ndogo kila mtu atamjua mwandishi kabla ya saa sita mchana, na utakuwa umepata hasara ya kujulikana bila heshima ya kusimama na neno lako. Huenda ukahamishwa, imekwisha kuwapata wengine. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizohuishwa mwaka 2021, zinasema wajibu wa kwanza wa muuguzi ni kwa watu wanaohitaji huduma yake, ila kanuni hizo hazilipi karo ya mtoto wa mtu aliyehamishiwa mbali, kwa hiyo usiende peke yako wala bila nakala za ulichokiandika.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyamaliza. Kabla hujaingia ofisi ya mkubwa wako, kutana ana kwa ana na mwakilishi wa chama cha wauguzi, KNUN, katika kaunti yenu. Ikiwa wewe au kijana mmepewa barua ya kujieleza, msiijibu kabla wakili au mwakilishi huyo hajaisoma, na mwangalie muda wa kujibu uliotajwa ndani yake. Mkojo wa mtoto ukipungua, au kreatinini ikipanda, msisubiri. Daktari wa watoto wa hospitali ya rufaa aulizwe siku hiyo hiyo, na masikio yapimwe kabla ya kuruhusiwa kama kuna mahali pa kupimia. Mwangalie pia muuguzi wako. Anayeomba kuondolewa kila zamu ya usiku, asiyekula, asiyelala au anayesema afadhali asingekuwapo, anahitaji mshauri nasaha au daktari wa akili wiki hii, na kabla ya hapo asiachwe peke yake zamuni wala nyumbani.

Mazungumzo na mama yafanyike kabla ya damu kutolewa tena. Na ile barua kwa afisa muuguzi mkuu kuhusu zamu za mtu mmoja iandike kabla hujabandika ratiba ya mwezi ujao.